Vaa Wewe Kwanza, Kisha Mvishe Mtoto



Hivi karibuni bibi mmoja wa hapa Kidatu alinijia kliniki na swali. Mjukuu wake ana tundu kwenye moyo, na amepata nafasi ya kwenda kutibiwa India. Yeye bibi ndiye atakayemsindikiza, naye hajapanda ndege hata siku moja. Mwanawe aliyewahi kusafiri alimweleza kwamba wahudumu wa ndege huwafundisha abiria hivi: barakoa za oksijeni zikishuka, mtu mzima avae ya kwake kwanza, ndipo amvishe mtoto. Bibi alikasirika. "Sista," aliniambia, "mzazi gani huyo wa kujitanguliza mwenyewe wakati mtoto anakata roho? Mimi nitamvisha mjukuu wangu kwanza."

Nilimjibu kwa kifupi, maana foleni ilikuwa ndefu. Somo la mwezi huu ndilo jibu kamili, kwa bibi huyo na kwa kila familia yenye mtu anayesafiri kwa ndege, awe anakwenda matibabuni, hija, masomoni au kazini Uarabuni.

1. HEWA YA JUU NI NYEMBAMBA

Wengi wetu tumepanda basi kwenda Iringa. Pale mlima Kitonga masikio huziba, ukimeza mate yanazibuka. Tena, ukifunga vizuri chupa tupu ya plastiki kule Iringa na kuteremka nayo mpaka Kidatu, utaikuta imebonyea. Sababu ni kwamba hewa ya huku bondeni imeshindiliwa zaidi kuliko hewa ya mlimani. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyembamba, na kila pumzi unayovuta inabeba oksijeni kidogo zaidi.

Kidatu tuko kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, na hewa ya pale ni karibu nusu ya hewa ya pwani. Ndege kubwa za abiria huruka kati ya mita 10,000 na 12,000, yaani karibu mara mbili ya Kilimanjaro. Huko hewa ni robo tu ya hii yetu au hata chini ya robo, na baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri. Mtu hawezi kuishi humo.

Ndiyo maana ndege hujazwa hewa kama mpira wa baiskeli. Mitambo husukuma hewa ndani na milango hufungwa kabisa. Hata hivyo haijazwi mpaka kufikia hewa ya bondeni. Kwa kawaida hewa ya ndani huweza kuwa nyembamba kama ya mahali penye mita 2,400, karibu sawa na vilele virefu vya milima yetu ya Udzungwa. Mtu mzima mwenye afya hatambui tofauti. Mgonjwa anaweza kuitambua, na hilo tutalirudia.

2. MWILI UNAPOKOSA OKSIJENI

Ikiwa ganda la ndege limetoboka au mitambo ya hewa imeshindwa, hewa ya ndani hutoka. Ikitoka kwa ghafla utasikia kishindo, ukungu utajaa ndani, baridi itaingia na masikio yatauma. Ikitoka polepole unaweza usisikie kitu chochote. Hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi.

Sisi wauguzi tunajua tabia ya upungufu wa oksijeni: hauna maumivu. Ubongo ndio wa kwanza kuumia, na ubongo ndio uliopaswa kukuonya. Mtu huwa kama mlevi. Anajiona mzima, pengine anacheka, huku vidole vikishindwa kufunga kifungo. Katika kimo cha mita 10,700 akili hubaki timamu kwa nusu dakika hadi dakika moja tu. Baada ya hapo mtu bado anapumua, lakini hawezi kujisaidia.

Sasa tumrudie bibi. Akianza na mtoto, mtoto ataogopa, atalia na kusukuma mikono yake. Sekunde ishirini zitapita, vidole vya bibi vitalegea, na wote wawili watazimia bila barakoa. Lakini akivaa yeye kwanza, kazi ya sekunde chache, akili yake itabaki timamu. Hata mtoto akizimia kwa muda mfupi, bibi atamvisha naye atazinduka. Kwa hiyo kujitanguliza hapa si ubinafsi. Mwenye akili timamu ndiye anayeweza kumwokoa asiye nayo.

Mfano wa kuhuzunisha ulitokea tarehe 14 Agosti 2005. Ndege ya shirika la Helios iliondoka Larnaca, Saiprasi, kwenda Athens. Baada ya ukaguzi wa mafundi, swichi ya kujaza hewa ilikuwa imeachwa mahali pasipo pake, na marubani hawakuiona. Kengele ya hatari ilipolia walidhani ni ya jambo jingine. Walizimia wakiwa bado wanatafuta tatizo. Ndege iliendelea kuruka yenyewe mpaka mafuta yalipoisha, ikaanguka. Watu wote 121 walikufa.

3. BATI LA NDEGE NALO HUCHOKA

Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mahali pamoja. Mara ya kwanza hakivunjiki, wala mara ya kumi. Lakini itafika mara ambayo kitakatika mikononi mwako, bila wewe kuongeza nguvu. Mafundi huita hali hiyo uchovu wa metali. Ndege hutanuka kidogo kila inapopanda na kujazwa hewa, na hunywea kila inapotua. Kwa hiyo umri wa ganda lake hauhesabiwi kwa miaka peke yake, bali pia kwa idadi ya safari.

Somo hili lilijifunzwa kwa machozi, na Afrika Mashariki imo katika habari hiyo. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ya shirika la BOAC ilianza safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti. Ilitoka London kwenda Johannesburg, ikipitia Khartoum na kutua Entebbe, Uganda. Ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, tarehe 10 Januari 1954, ikiwa imeruka safari zipatazo 1,290 tu. Watu 35 walikufa. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo Comet nyingine ilipasuka karibu na Naples, wakafa watu 21.

Wataalamu wa Uingereza waliiweka Comet moja ndani ya tangi la maji. Wakaijaza na kuipunguza mgandamizo mara nyingi mno, kama vile inaruka na kutua, mpaka ilipochanika kwenye pembe ya tundu la dirisha. Ndipo ilipoeleweka kwamba pembe kali huanzisha ufa. Comet 4, zilizotumiwa na East African Airways kuanzia 1960, zilitengenezwa upya kwa kuzingatia somo hilo. Ukitazama madirisha ya ndege leo utaona pembe zake ni za mviringo.

Mwaka 1988, tarehe 28 Aprili, ndege ya Aloha Airlines huko Hawaii, Marekani, ilifumuka paa ikiwa katika kimo cha mita 7,300. Ilikuwa na umri wa miaka 19, lakini ilikuwa imeruka safari fupi zaidi ya 89,000 kati ya visiwa, katika hewa ya chumvi inayokula bati. Mhudumu mmoja aliyekuwa amesimama alivutwa nje akafa. Abiria walikuwa wamefunga mikanda. Wengi waliumia, ila hakuna aliyekufa. Baadaye abiria mmoja alisema kwamba alipokuwa akipanda aliona ufa karibu na mlango, lakini hakumwambia mtu.

Jirani zetu wa Kongo nao waliliona jambo hilo Mei 2003. Ndege ya mizigo aina ya Ilyushin 76 ilikuwa ikisafirisha askari na jamaa zao kutoka Kinshasa kwenda Lubumbashi. Mlango mkubwa wa nyuma ulifunguka angani, na watu waliokuwa wamekaa bila mikanda walivutwa nje. Rubani aliweza kuirudisha ndege Kinshasa.

4. JE, TUOGOPE NDEGE KUUKUU?

Uzee peke yake si kosa. Ndege iliyozeeka lakini ikafunguliwa na kukaguliwa kwa wakati wake, nyufa zikatafutwa kwa mionzi kama tunavyopiga eksirei mfupa, inaweza kuruka salama. Na upya peke yake si kinga. Tarehe 5 Januari 2024 ndege ya Alaska Airlines, ambayo haikuwa imetimiza miezi mitatu tangu kukabidhiwa, iling'oka kipande cha ubavuni kwa sababu boti za kukishikilia hazikuwapo. Hakuna aliyekufa.

Kinachotulinda ni ukaguzi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuruka katika anga yake, na Juni 2025 zuio likapanuliwa kwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Air Tanzania ilikuwa imepata ndege mpya kuanzia 2016. Lililolalamikiwa ni usimamizi na upungufu wa wakaguzi wenye ujuzi. Hospitali pia inaweza kuwa na mashine mpya, lakini bila fundi wa kuikagua mgonjwa hayuko salama.

5. MAMBO YA KUSHIKA SAFARINI

(a) Sikiliza maelezo ya wahudumu, hata kama umesafiri mara nyingi.
(b) Funga mkanda muda wote unapokaa, si wakati wa kuruka na kutua tu.
(c) Barakoa ikishuka, ivute kwa nguvu ili oksijeni ianze kutoka. Funika pua na mdomo, kisha mvishe mtoto.
(d) Usiogope mfuko wake usipojaa. Oksijeni inatoka. Inatosha kwa dakika kumi na mbili hivi, na rubani atateremka haraka mpaka kiasi cha mita 3,000 ambako mtu anaweza kupumua.
(e) Usizuie pumzi. Hewa iliyomo mapafuni hutanuka, iache itoke.
(f) Ukiona ufa, mlango usiofunga sawasawa au harufu ya moshi, mwambie mhudumu mara moja. Usione haya.
(g) Ndege inaposhuka, mnyonyeshe mtoto mchanga. Kumeza huzibua masikio yake.

6. NANI AMWONE DAKTARI KABLA YA KUSAFIRI?

Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu; mwenye upungufu mkubwa wa damu, hasa anayehema kwa kutembea hatua chache; mwenye seli mundu; aliyepasuliwa tumbo, kifua au jicho siku za karibuni; aliyewekewa plasta ngumu ya mfupa uliovunjika; mama mwenye mimba kubwa; na mtoto ambaye hajatimiza wiki moja. Mwenye mafua makali na masikio yaliyoziba, afadhali aahirishe.

Mgonjwa wa moyo kama mjukuu wa bibi yetu anahitaji barua ya daktari. Shirika la ndege liarifiwe mapema, maana huenda akahitaji oksijeni njia nzima, na barakoa za dharura hazikuwekwa kwa ajili hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini mtu anayekosa oksijeni hajui kwamba yuko hatarini?
2. Yule abiria wa Hawaii alipaswa kufanya nini?
3. Nani katika familia yetu amwone daktari kabla ya kupanda ndege?

Bibi alirudi kliniki wiki iliyofuata kuchukua barua ya mtoto. Nilimpa barakoa yetu ya wodini nikamwambia anionyeshe. Alijivalisha yeye kwanza, akakaza kamba, kisha akamgeukia mjukuu wake.