Amana au Arubuni? Istilahi za Upangaji na Mpangaji wa Studio Kilimani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwandishi wa makala haya aliielewa methali hiyo akiwa amechelewa. Alipokuwa akifanya kazi ya muda ya kutafsiri jijini Nairobi, alipanga chumba cha studio katika mtaa wa Kilimani kwa shilingi 28,000 kwa mwezi. Siku ya kuingia alilipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na kiasi kingine kama hicho kilichoitwa "dipoziti". Alipohama baada ya mwaka mmoja, wakala alimweleza kwamba fedha hizo zilikuwa zimekwisha kwenye rangi ya kuta. Alipoufungua mkataba wake, uliokuwa wa Kiingereza, alikuta kifungu kilichomruhusu mwenye nyumba kuzitumia kwa ukarabati wowote aliouona unafaa. Sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa ilikuwa yake mwenyewe. Mtu aliyezoea kutumia juma zima kuchambua beti nne za shairi alikuwa ametia sahihi kurasa sita bila kuzisoma.

Makala haya hayakusudii kulalamika. Yanalenga kuonyesha kwamba Kiswahili kina istilahi zinazotenganisha mambo ambayo neno "dipoziti" huyachanganya, na kwamba utenganisho huo una faida kwa mfuko wa mpangaji.

Jina la Chumba na Bei Yake

Studio ni chumba kimoja ambamo mtu hulala, hupika na kupokea wageni, kikiwa na bafu na choo chake. Maelezo hayo yanaweza kuafiki pia "bedsita" nyingi za Roysambu na Kahawa ambazo wanafunzi wengi wanazifahamu. Kwa mtazamo wa kisemantiki, maana ya msingi inakaribiana mno; kinachotofautiana ni maana dokezi. "Bedsita" humdokezea msikilizaji mwanafunzi au mtu anayeanza maisha. "Studio" hudokeza lifti, jenereta na bawabu langoni. Vijana nao wana "keja", neno la Sheng linaloweza kutaja chumba chochote kati ya hivyo bila kujali mtaa.

Tofauti hii ya mitaa ina historia. Katika enzi ya ukoloni makazi ya Nairobi yaligawanywa kwa misingi ya rangi. Wazungu walitengewa maeneo ya magharibi yaliyoinuka, Kilimani ikiwemo, ilhali Waafrika walielekezwa mashariki, katika mitaa kama Pumwani. Huko Pumwani nyumba za muundo wa Kiswahili zilipangishwa chumba kimoja kimoja, na wapangaji wakatumia ua mmoja. Kwa hiyo kuishi katika chumba kimoja si jambo geni Nairobi. Ugeni uko katika kulipia chumba kimoja pale ambapo zamani palisimama nyumba moja katikati ya bustani pana. Mpangaji anapotajiwa "studio", basi, na aulize ni huduma zipi zimo ndani ya kodi: maji, ulinzi, uzoaji wa taka, jenereta. Jina halimpi hata kimoja kati ya hivyo ikiwa hakikuandikwa.

Nani Hupanga, Nani Hupangisha?

Mnyambuliko wa kitenzi "panga" unatufunza mengi. Mpangaji hupanga, mwenye nyumba hupangisha. Kiambishi cha usababishi "-ish-" kinaonyesha ni nani anayemwezesha mwenzake kukaa. Swali linazuka kuhusu wakala. Yeye hapangi, wala hapangishi kwa haki yake mwenyewe. Hupangisha kwa niaba. Neno "niaba" ndilo la kushikiliwa hapa. Kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa M-Pesa, mpangaji anapaswa kujua ni kwa niaba ya nani, na ithibati iko wapi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi (Sura 533), mtu haruhusiwi kufanya kazi ya uwakala bila kusajiliwa na bodi husika. Si utovu wa adabu kumwomba wakala aonyeshe usajili wake.

Kodi, Amana na Arubuni

Sasa tulitazame neno "dipoziti". Kwa Kiswahili, fedha zinazolipwa siku ya kwanza huweza kuwa za aina tatu. Ya kwanza ni kodi, ambayo ni malipo ya kukaa. Ikishalipwa ni mali ya mwenye nyumba. Ya pili ni arubuni, yaani malipo ya awali ya kuthibitisha nia ili chumba asipewe mtu mwingine. Anayeghairi huweza kuipoteza, kutegemea makubaliano. Ya tatu ni amana, yaani mali ya mtu iliyowekwa kwa mwingine ili itunzwe. Anayeitunza si mwenyewe. Katika utamaduni wa Waswahili kula amana ni khiyana, na aliyekabidhiwa hudaiwa hesabu.

Aliyelipa "dipoziti" hajui amelipa ipi kati ya hizo. Mwandishi aliamini kwamba ameweka amana. Wakala alizichukulia kama malipo yaliyokwisha kupokelewa. Mkataba ungeandika wazi kwamba fedha hizo ni amana, kwamba zitakatwa kwa uharibifu uliothibitishwa kwa risiti pekee, na kwamba salio litarudishwa kufikia tarehe fulani, mzozo huo ungekosa mizizi.

Lugha na Sheria

Huenda msomaji akauliza iwapo sheria haimlindi mpangaji. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba (Sura 296) inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Studio ya Kilimani imo mbali nje ya mipaka hiyo, na kwa sababu hiyo ngao kuu ya mpangaji wake ni maneno ya mkataba. Anayedai fedha anaweza kufika katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na anaweza kujiwakilisha mwenyewe. Hata huko, ataulizwa mkataba unasemaje.

Aidha, Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hakuna linalomzuia mpangaji kuomba mkataba wa Kiswahili, au angalau kuandamanisha ule wa Kiingereza na tafsiri iliyotiwa sahihi na pande zote mbili.

Hitimisho

Imebainika kwamba istilahi si mapambo ya darasani. Jina "Kilimani" ni la Kiswahili sanifu, ila mkataba alioutia sahihi mwandishi humo haukuwa na neno moja la lugha hiyo. Wanafunzi wa Kiswahili wana ujuzi wa kuziba pengo hilo. Iwapo kila chama cha wanafunzi kitaandaa kielelezo kimoja cha mkataba wa upangaji kwa Kiswahili, chenye amana, arubuni na kodi katika vifungu mbalimbali, wenzetu wanaotafuta vyumba watakuwa na daftari kabla mali haijapotea.

Zoezi

1. Chukua mkataba wako wa upangaji. Kila palipoandikwa "dipoziti", amua kama ni kodi, amana au arubuni, kisha utoe sababu.
2. Fafanua tofauti kati ya "kupanga", "kupangisha" na "kupangishwa" kwa kutunga kifungu kimoja cha mkataba.