Somo: Namna ya Kuisoma Khabari ya Setilaiti Shambani

Wanachama kadhaa wametuuliza swali moja kwa njia mbali mbali. Watu wawili husimama chini ya mkarafuu mmoja, kila mmoja na chombo chake mkononi, na kila chombo hutoa nambari zake; je, ya nani ishikwe? Mwengine katuuliza kwa uchungu zaidi, kwa kuwa jirani yake amemjia na karatasi ya nambari, akadai kuwa safu nzima ya mikarafuu imo upande wake. Jambo kama hili halimaliziki kwa kubishana barazani. Latakiwa mtu ajue chombo hujuaje pale kilipo, tena akitazame kwa macho yake mwenyewe kinaposema kuwa kina shaka. Kwa hiyo somo letu la safari hii ni juu ya programu za kompyuta zinazoonyesha khabari za setilaiti, zile za kuandika amri na zile za picha.

Tuanze juu mbinguni, ndipo tuteremke shambani. Mpango wa GPS ni wa Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mpango wote ukatangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Hapo kwanza raia walikuwa wakipewa khabari iliyoharibiwa kidogo kwa makusudi, na uharibifu huo ukaondolewa mwezi wa Mei, 2000. Siku hizi hazipiti peke yake: ziko GLONASS za Urusi, Galileo za Ulaya na BeiDou za China, na kipokezi cha kawaida husikiliza zaidi ya kundi moja. Setilaiti za GPS huzunguka kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na kila moja hutangaza mambo mawili: saa yangu ni hii, na mahali nilipo ni hapa. Kipokezi huhesabu muda ambao tangazo limechukua njiani, kikapata umbali. Tangazo hilo huenda kwa mwendo wa nuru, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Basi saa ikikosea sehemu moja katika milioni ya sekunde, umbali umekosewa mita 300. Setilaiti zina saa zisizokosea ila kidogo mno, lakini kipokezi chetu kina saa rakhisi. Ndiyo sababu zatakiwa setilaiti nne na si tatu: tatu za kujua mahali na kimo, na ya nne ya kuisahihisha saa yetu.

Sasa vyombo. Twahitaji kompyuta ya mkononi yenye mfumo wa Linux, na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwa waya wa USB. Programu ya msingi yaitwa gpsd, nayo hutolewa bure. Katika Linux za jamii ya Debian, mtu huandika:

sudo apt install gpsd gpsd-clients

Hii gpsd haina sura, huifungui ukaiona. Ni kama karani aliyekaa dirishani. Kipokezi kikisema neno, karani hulisikia, hulifasiri, na humwambia kila mteja aliyekuja dirishani pake, ambalo katika kompyuta ni mlango nambari 2947. Bila karani huyo, programu moja ikikishika kipokezi, nyengine hukosa. Akiwapo karani, programu tatu au nne huweza kusoma kipokezi kimoja kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalotufaa katika kufundisha, kwani mtu huweka dirisha la nambari na dirisha la picha ubavu kwa ubavu akaona jinsi yanavyokubaliana. Mara nyingi gpsd huanza yenyewe kipokezi kikichomekwa. Isipoanza, iambiwe kipokezi kilipo, mathalan sudo gpsd /dev/ttyACM0, au ttyUSB0 kwa vipokezi vyengine.

Mteja wa kwanza ni cgps. Fungua dirisha la kuandikia amri, andika cgps -s -u m, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Hiyo -s huzuia maneno mabichi yasimiminike chini ya skrini, na -u m hutaka vipimo vya mita. Ukitaka kutoka, bonyeza q. Upande wa kushoto utaona wakati, latitudo, longitudo, kimo, mwendo, na hali. Usiitazame latitudo kwanza. Itazame hali. Pakiwa pameandikwa NO FIX, chombo hakijajua kitu, na nambari yoyote uliyonayo ni ya kale au ni ya bure. 2D FIX maana yake ni kuwa mahali pamejulikana lakini kimo hakikujulikana. Ngoja mpaka 3D FIX. Kipokezi kilichokaa kabatini muda mrefu chataka subira, kwa sababu kila setilaiti huchukua nusu dakika kutangaza khabari kamili ya njia yake yenyewe, na orodha ya setilaiti zote za kundi la GPS huchukua dakika 12 na nusu. Asiyesubiri hukitukana chombo bure.

Upande wa kulia pana jedwali la setilaiti, na hapa ndipo penye elimu. Kila mstari ni setilaiti moja. Safu ya Elev ni kimo chake angani kwa digrii: 0 ni upeo wa macho, 90 ni utosini. Azim ni uelekeo wake kwa dira: 0 kaskazini, 90 mashariki, 180 kusini, 270 magharibi. SNR ni nguvu ya sauti yake. 40 na kupanda ni nzuri, chini ya 25 ni mnong'ono. Mwisho ni Use, yenye Y kwa ile inayotumiwa katika hesabu na N kwa ile iliyoachwa. Toka uwanjani uingie chini ya mikarafuu mikubwa, iliyoshikana matawi, tena baada ya mvua, uitazame safu ya SNR. Zitashuka mbele ya macho yako, na baadhi ya Y zitageuka N. Ukisimama karibu na nyumba ya mabati utaona ajabu nyengine, kwamba sauti ni kubwa lakini mahali panaruka, kwa sababu tangazo limepiga bati kwanza ndipo likaja kwako, njia ikawa ndefu kuliko iliyo kweli.

Ya picha yaitwa xgps. Huchora duara, na duara hilo ni anga: katikati ni utosini, ukingo ni upeo wa macho, na setilaiti ni alama zilizotawanyika ndani yake. Alama iliyojaa ni ya setilaiti inayotumiwa. Iliyo tupu ndani haitumiwi. Na rangi huonyesha nguvu ya sauti. Jedwali la cgps lina khabari hiyo hiyo, lakini akili ya mtu huona upesi zaidi kwa picha. Khasa huona mtawanyiko. Tuseme unataka kujua kigingi kiko wapi kwa kukifunga kamba mbili. Wanaozishika kamba wakisimama pamoja upande mmoja, kigingi huweza kuyumba kulia na kushoto na kamba zisilegee. Mmoja akisimama kaskazini na mwengine mashariki, hakina pa kwenda. Setilaiti ni vivyo hivyo. Nane zilizorundikana upande mmoja, kwa kuwa upande wa pili una kilima au miti, si bora kuliko sita zilizoenea duara zima. Programu hukitaja kipimo cha mtawanyiko huo kwa jina la HDOP: karibu na 1 ni vizuri, ikipanda kupita 4 au 5 afadhali usiandike kitu. Kwa wanachama wanaoanza, sisi twapendekeza waanze na xgps wiki nzima kabla ya kuigusa nyengine.

Sasa turejee kwa yule bwana na jirani yake. Katika cgps, chini ya hali, ipo mistari ya makosa: kosa la longitudo na kosa la latitudo, kwa mita. Ni makadirio ya chombo juu ya nafsi yake. Si kiapo, lakini ni ungamo. Matoleo ya karibuni ya cgps huandika latitudo kwa tarakimu nane baada ya nukta, na tarakimu ya nane ni kama milimita moja ya ardhi. Mstari ule ule wa chini huenda ukasema kuwa kosa ni mita 5. Yaani chombo kinaandika milimita na huku kinakiri hakijui mita. Anayenakili tarakimu nane katika karatasi na kuuacha mstari wa kosa amenakili nusu ya maneno ya shahidi.

Tuhesabu. Shamba la eka tatu lina mita za mraba 12,140 hivi. Likiwa mraba, kila upande ni mita 110. Mikarafuu ikiwa imepandwa kwa kuachana mita 9, safu moja ya mpakani ina miti kama 12. Kosa la mita 5 ni zaidi ya nusu ya nafasi baina ya safu na safu. Basi chombo hicho hakiwezi kusema safu ya mpakani ni ya nani, hata kikirudia mara mia, na ukanda wenye shaka una upana wa mita 5 kwa urefu wa mita 110, yaani mita za mraba 550, zaidi ya thumni ya eka. Karatasi ya jirani haimthibitishii mkarafuu hata mmoja, wala karatasi ya bwana wetu, kama naye angeleta yake, isingemthibitishia. Kazi hiyo ni ya wapimaji wa Serikali, ambao hutumia vipokezi viwili, kimoja kimewekwa juu ya alama inayojulikana, na kosa lao huwa la sentimita. Kipokezi chetu chafaa kwa mengine: kuonyesha shamba liko wapi, kuandika ilipo mikarafuu inayokauka ili bwana shamba aifikie bila kupotea, na kuchora njia za kutolea mzigo.

Kwa kazi hizo lazima nambari ziwekwe katika faili, na hapo programu za amri zashinda za picha. Andika:

gpspipe -w -n 600 > mkarafuu1.txt

Karani atatoa maneno 600 na kuyaweka katika faili. Si sekunde 600, kwani kila sekunde huweza kuwa na maneno mawili matatu. Yanayohusu mahali yana jina la TPV, na yanayohusu anga yana jina la SKY. Ndani ya TPV tazama mode. Ikiwa 3 ni sawa na ile 3D FIX ya cgps. Kisha chukua wastani wa latitudo na wa longitudo. Wastani hupunguza kuruka-ruka, lakini hauondoi kosa lote, kwa sababu makosa ya anga huenda pole pole na dakika kumi zote huweza kuvutwa upande mmoja. Kurudi siku nyengine, saa nyengine, kwafaa kuliko kukaa saa nzima papo hapo.

Pana mitego miwili hapa. Katika cgps latitudo yetu huandikwa na herufi S, yaani kusini. Katika gpspipe haina herufi, ina alama ya kutoa mbele yake. Mji wa Wete uko karibu na latitudo 5.06 kusini na longitudo 39.72 mashariki, ukiisahau ile alama, Wete imehamia kusini ya Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa. Mtego wa pili ni dakika. Digrii 5.25 si digrii 5 na dakika 25. Dakika ni sehemu ya 60, basi digrii 5.25 ni digrii 5 na dakika 15, na anayechanganya hupotea dakika 10, ambazo ni kilomita 18 na nusu. Ukipenda dakika na sekunde, iambie cgps -l s. Ukipenda desimali, -l d. Ila uandike juu ya karatasi umetumia ipi.

Kwa njia na mipaka ya kutembea kwa miguu ipo gpxlogger -f njia.gpx, ambayo huandika kila unapopita mpaka uisimamishe, na faili yake hufunguka katika programu nyingi za ramani. Wenye mashua watapenda xgpsspeed, yenye saa ya mwendo. Nayo gpsmon ni ya fundi. Huonyesha maneno mabichi ya kipokezi, na kwa kazi zetu si lazima.

Neno juu ya wakati. Programu hizi huandika saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa bahati njema, sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili twatoa tatu tu: chombo kikisema 04:00, ni saa moja asubuhi, kikisema 09:00, ni saa sita mchana. Lakini tarehe ya chombo hubadilika saa tisa usiku kwa saa zetu, na anayeandika khabari za usiku aangalie.

Mwanachama atakayeleta faili ofisini aandike juu yake jina la shehia, jina la shamba, idadi ya setilaiti zilizotumika, HDOP, na kosa la latitudo na longitudo kwa mita. Faili isiyo na kosa lake itapokewa, ila haitaingizwa katika daftari mpaka mwenyewe arudi shambani kulitazama.