Kunguni Nyumbani: Namna ya Kuwajua na Kuwaondoa

Mama mmoja analala na watoto wake, na asubuhi wote wanajikuna. Anajua sababu, lakini hataki kusema, maana anaona haya. Anafikiri jirani watamwita mchafu. Kwa siri ananunua sumu sokoni na kuinyunyiza kitandani, mahali watoto wanapolala. Hapo ndipo hatari kubwa inapoingia nyumbani.

Ndugu msomaji, kunguni si alama ya uvivu. Wanaingia hata katika nyumba inayofagiwa kila siku. Wanaletwa ndani ya mzigo wa mgeni, au katika kitanda kilichotumiwa na watu wengine, au katika mkeka ulioazimwa. Basi usione haya. Soma somo hili, ufanye kazi.

1. UWAJUE KUNGUNI

Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 mpaka 7, karibu kama punje ya mchele, lakini ni mpana na bapa. Rangi yake ni ya kahawia. Akishiba damu anavimba na kuwa mwekundu. Ana miguu 6. Hawezi kuruka, anatembea tu. Mchana anajificha katika nyufa za kitanda, mishono ya godoro (matela), kamba, mikeka na kuta. Usiku anatoka kunyonya damu.

Usitazame ngozi peke yake, kwa sababu watu wengine wanaumwa na alama haionekani. Tazama kitanda. Utaona madoa madogo meusi kama wino: hayo ni mavi yao. Utaona magamba waliyoyavua, na mayai meupe yenye urefu wa milimita 1.

2. USIWACHANGANYE NA KIMPUTU

Kimputu anakaa katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta za udongo. Ni wa mviringo, ngozi yake ni ngumu kama ya kiatu, na mzima ana miguu 8. Yeye analeta homa inayoondoka na kurudi tena. Daktari Dutton, Mwingereza aliyekuja Congo kuchunguza ugonjwa huo, alikufa kwa homa hiyo Kasongo katika mwaka 1905. Ukiona kimputu nyumbani, au ukipata homa, usingoje. Njoo hospitali upimwe damu.

Juu ya kunguni, mpaka leo haijahakikishwa kwamba wanawaambukiza watu ugonjwa. Lakini wanaleta mwasho, na vidonda kwa sababu ya kujikuna, na usiku bila usingizi. Wakiwa wengi sana wanaweza kumpunguzia mtoto damu.

3. SABABU GANI WANARUDI?

Kunguni jike anataga mayai siku kwa siku, mpaka mamia katika maisha yake. Mahali pa joto mayai yanaanguliwa baada ya juma 1 au 2. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo kuhama nyumba kwa juma moja hakusaidii. Na kufanya kazi mara moja tu hakutoshi, kwa maana mayai yaliyobaki yatazaa wengine.

4. KAZI YA KUFANYA

Chagua siku ya jua, uanze asubuhi. Silaha yako ni moto wa maji.

(1) Tia nguo na mablanketi katika mfuko, ufunge, ndipo utoe nje. Vichemshe au uviloweshe katika maji ya moto sana. Vikikauka, piga pasi, zaidi sana kwenye mishono.

(2) Fungua kitanda chote. Mimina maji yanayochemka katika kila ungio, kila ufa na kila kamba. Watoto wakae mbali wasiungue.

(3) Sugua mishono ya godoro kwa brashi, uliweke juani na kuligeuza. Jua peke yake halitoshi, kwani kunguni wanakimbilia kivuli. Kama ni godoro la majani, choma majani mbali na nyumba, chemsha mfuko wake, utie majani mapya.

(4) Ziba nyufa za ukuta kwa udongo au chokaa.

(5) Weka kitanda mbali na ukuta. Tia kila mguu wake ndani ya kopo lenye maji na sabuni. Blanketi lisiguse chini. Badili maji kila siku 3, mbu wasizae humo.

(6) Rudia kazi hii kila juma, mpaka majuma 6 yapite bila kuona alama.

Watu wengine wanaacha chandarua kwa sababu kunguni wanajificha ndani yake. Usikiache! Malaria inaua. Kikung'ute nje, ukifue kwa sabuni na maji baridi, ukianike kivulini.

5. MAMBO YA HATARI

Usimwage petroli wala esanshi kitandani. Cheche moja inatosha kuunguza nyumba na watu.

Usitumie sumu ya shamba, wala dawa ya chupa isiyo na jina. Mtoto anaivuta usiku kucha, naye anaweza kufa. Tena kunguni wengi hawafi kwa sumu. Wakati DDT ilipokuwa mpya, watu walifikiri kunguni wamekwisha. Lakini mwaka 1947, huko Hawaii, walionekana kunguni ambao DDT haikuwaua. Leo wengi wanashinda dawa nyingine vilevile.

6. MWAMBIE JIRANI

Kama nyumba zenu zinagusana, kunguni wako ni kunguni wake. Ukisafisha peke yako, watarudi kwa ukuta. Mwendee, mseme wazi, mfanye kazi siku moja. Mtakapopokea wageni wa mkutano, tazameni vitanda kabla hawajafika na baada ya kuondoka.

MAULIZO
1. Kimputu na kunguni wanaachana namna gani?
2. Sababu gani kazi ya siku moja haitoshi?
3. Nyumbani kwako kuna chupa ya sumu? Inakaa wapi, na mtoto anaweza kuifikia?