Saratani imepona, moyo nao upimwe

SWALI: Daktari, binti yangu alitibiwa saratani ya damu Hospitali ya Muhimbili akiwa na miaka minane. Sasa ana miaka 19, na posa imekuja. Lakini siku hizi akipanda ngazi za nyumba yetu huhema mpaka ashike ukuta. Jirani anasema ni dawa za zamani. Kweli?
Mama, Mji Mkongwe

JIBU: Mama, yawezekana, na usingoje harusi ipite. Huenda unaikumbuka ile dawa nyekundu ya dripu iliyokuwa ikigeuza rangi ya mkojo wake. Kundi hilo, doksorubisini na wenzake, huua saratani lakini pia huweza kuumiza misuli ya moyo, na madhara yanaweza kujificha miaka kumi au zaidi. Hatari huwa kubwa jumla ya dozi ikifika miligramu 250 kwa kila mita mraba ya mwili, na huzidi kama kifua kilipigwa mionzi. Hata hivyo dawa hizo zimeokoa watoto wengi. Mzazi ambaye mwanawe bado anatibiwa, na dozi itakuwa kubwa, amuulize daktari kuhusu deksirazoksani, dawa ya kukinga moyo.

Kwa binti yako, kusikilizwa kifua hakutoshi. Anza Hospitali ya Mnazi Mmoja, uombe apimwe eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, haina mionzi. Rufaa ikihitajika, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imo humo humo Muhimbili. Chukua faili lake la zamani. Kama limepotea, omba muhtasari: dawa zipi, jumla ya dozi, mionzi wapi. Apimwe na wingi wa damu pia, maana upungufu wa damu nao huleta kuhema.

Sasa posa. Najua familia nyingi huficha maradhi haya kwa kuogopa maneno ya watu. Lakini mimba huongeza damu mwilini karibu nusu, na moyo ndio unaoisukuma. Wengi waliopona huzaa salama, ila daktari na mkunga lazima wajue, na eko ifanywe kabla ya mimba. Ugonjwa wake wa zamani msimfiche mkunga hata kidogo.

Akishindwa kulala chali, akivimba miguu au akizimia, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Kama hana dalili hizo, mpeleke wiki hii.