UCHUMBA WA MBWA MWITU

Hapa Ahero, kijana akianza kufuatafuata wasichana, wazee humwambia, "Wewe umekuwa mbwa!" Ni kweli, ukipita kando ya mashamba ya mpunga utaona mbwa dume watano wakimfuata jike mmoja huku wakiumana. Lakini tangu nisome habari za mbwa mwitu, naona tusi hilo haliwafai mbwa wote.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. "Mbwa-mwitu" wa Biblia ya Kiswahili ni yule wa kijivu wa Ulaya, Asia na Marekani. Huyo hapa Kenya hayupo. Mbwa mwitu wetu, anayejulikana sana Laikipia, ana mabaka meusi, meupe na ya manjano, na masikio ya mviringo. Hata hivyo, wawili hawa hufanana sana kwa mambo ya ndoa.

Katika kundi, kwa kawaida ni jike mmoja na dume mmoja tu wanaozaa. Jike akiwa tayari kupandwa, mumewe habanduki. Jike akienda, yupo, akilala, yupo. Jike akikojoa, dume naye hukojoa papo hapo, kana kwamba anatia sahihi: "Huyu ana mwenyewe!" Baada ya siku 70 hivi, watoto huzaliwa shimoni, mara nyingi wapatao kumi. Wale wa kijivu hupandana majira ya baridi yakielekea kwisha, lakini wetu wa Laikipia, kwa kuwa wako kwenye ikweta, huweza kuzaa mwezi wowote.

Je, wale wasiozaa wana kazi gani? Jameni, hao ndio walezi! Huwinda, hurudi na nyama tumboni, kisha huwatapikia watoto na mama yao.

Na wachumba hutoka wapi? Dada waliozaliwa pamoja huondoka kwao, wakasafiri mbali mpaka wakutane na ndugu wa kiume wa kundi lingine. Hapo kundi jipya huanza. Ni kama sisi Waluo: huoi katika ukoo wako.

Sasa shida iko hapa. Safari hiyo yahitaji makundi mengine yawepo. Mwaka 1989, kundi moja upande wa Aitong, karibu na Maasai Mara, liliangamia karibu lote kwa kichaa cha mbwa. Mwaka 2017, ugonjwa mwingine wa virusi uliwaua karibu mbwa mwitu wote wa Laikipia. Dada wakitoka na wasimkute mtu huko waendako, ndoa itatoka wapi?

Kichaa hicho hubebwa sana na mbwa wa nyumbani. Mwaka jana, chanjo ilipoletwa sokoni, mimi nilikataa kumpeleka Simba wetu. Niliona haya kumkokota kwa kamba mbele ya wenzangu. Ni kweli Simba hatafika Mara, lakini kichaa hupita toka mbwa hadi mbwa, na mtu akiumwa asipotibiwa mapema, hufa. Safari hii nitampeleka, wanaocheka na wacheke.

Maswali
1. Kwa nini jike huondoka kundi alikozaliwa?
2. Mbwa wa kwenu amechanjwa lini?