Uvimbe wa Taya la Juu: Dai Jibu la Maabara

Si kila uvimbe wa taya hutokana na jino bovu. Upo uvimbe wa kifuko uitwao keratosisti, ambao huota ndani ya mfupa, huula polepole na huweza kurudi baada ya kuondolewa. Si saratani, lakini ukipuuzwa huharibu sehemu kubwa ya taya.

Dalili

Katika taya la juu, kifuko hiki hupata nafasi ya kutanuka ndani ya sinasi, uwazi wa hewa ulio kando ya pua. Kwa hiyo uso huweza kuchelewa kuvimba. Mgonjwa huweza kuziba pua upande mmoja, kulegea meno, au kuhisi majimaji yenye ladha mbaya kinywani. Wengine hawahisi lolote. Ndiyo maana baadhi hutibiwa sinasi, au hung'olewa jino lisilo na kosa.

Uchunguzi

Daktari hupima kwanza kama jino lililo karibu lingali hai. Kisha hupigwa eksirei na, inapohitajika, picha ya CT. Picha huonyesha mahali na ukubwa wa uvimbe. Aina yake huthibitishwa kwa kipande cha nyama kilichopimwa maabara.

Tiba

Kukwangua kifuko pekee huacha hatari kubwa ya kurudi, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na huchanika kwa urahisi. Daktari huweza kuchonga pia mfupa unaokizunguka. Kifuko kikubwa huweza kutobolewa na kuachwa wazi kwa miezi kadhaa ili kisinyae kabla ya upasuaji. Kukata sehemu ya taya huhitajika mara chache.

Kabla ya kutia sahihi ridhaa, uliza:

- Je, nyama itakayotolewa itapelekwa maabara?
- Kwa nini umechagua njia hii, na gharama yake yote ni kiasi gani?
- Nitarudi lini kupigwa picha?

Tunza nakala za picha na majibu yako. Ufuatiliaji ni wa miaka, kwani uvimbe huu huweza kurudi hata baada ya miaka 10.

Tahadhari: ukiona uvimbe unakua upesi, ganzi ya shavu, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, nenda hospitali bila kuchelewa.