Maua Katika Chombo cha Kioo

Safari hii tutazame picha moja ndogo. Urefu wake ni sentimeta 56, na upana hauzidi 36. Mtoto aweza kuibeba kwapani. Imo katika jumba la makumbusho la Orsay, mjini Paris. Aliyeichora, yapata mwaka 1882, ni Mfaransa Édouard Manet, rafiki wa wachoraji wale walioitwa Waimpresionisti. Hao walianza kuonyesha kazi zao pamoja mwaka 1874, ingawa yeye hakutundika picha yake hata moja katika maonyesho yao.

Tunaona nini? Chombo cha kioo chenye maji, karnesheni, na maua makubwa ya klematisi, ya zambarau. Nyuma hakuna dirisha wala pazia. Ukiisogelea sana maua hupotea, yakabaki mapigo ya burashi tu. Ukirudi nyuma hatua tatu, petali zarudi mahali pake.

Lakini sisi twapenda zaidi kutazama chini, penye maji. Kioo hakina rangi; mtu atakichoraje? Manet alichora vikonyo vya kijani jinsi vionekanavyo majini, kama vimevunjika, maana maji hupinda mwanga. Kisha akaweka madoa machache meupe pale mwanga unapogonga. Basi kioo twakiona.

Hapa hatuna budi kuungama. Miaka yetu ya kufundisha tulitaka kila ua liwe na petali tano sawasawa, na mstari mweusi kulizunguka. Mtoto aliyepaka rangi nje ya mstari alipata alama nne katika kumi. Mmoja alituuliza, "Mwalimu, kwenye ua lenyewe mstari huo uko wapi?" Tukamwambia akae.

Sasa, kwa nini mtu aliyezoea turubai kubwa achore vitu vidogo namna hii? Picha yake ya mwanamke anayeuza vinywaji katika ukumbi wa Folies-Bergère, aliyoimaliza mwaka 1882, ina upana wa sentimeta 130. (Hata humo, mezani, pana maua mawili katika bilauri.) Sababu ni ugonjwa. Mguu wa kushoto ulimuuma hata hakuweza kusimama kwa muda mrefu. Rafiki zake walipokuja kumjulia hali walimletea maua, naye akayachora kabla hayajanyauka. Picha za namna hiyo zapita 10, na ndani yake hutaona dawa wala kitanda. Tarehe 20 Aprili 1883 madaktari walimkata mguu ule. Tarehe 30 akafariki, mwenye umri wa miaka 51.

Zoezi la nyumbani. Tieni ua moja katika bilauri ya maji karibu na dirisha, mlichore bila raba, wala msiizungushie bilauri mstari. Anzeni na kikonyo. Ua lililochumwa asubuhi hulegea upesi, kwa hiyo msikawie.